Kiraka cha boti ya faiba kinabanduka kila mara? Mwongozo kamili wa kukifanya kishike

Swali ni lilelile. Mtu kapiga kiraka kwenye boti, mati nne (mati ni shiti ya nyuzi fupi za kioo), resini mpya kabisa (yale maji mazito yanayogumu na kuzishika nyuzi), kimekaa msimu mmoja kikaanza kuinuka pembeni, akakibandua akapiga mati sita, na hicho nacho kikainuka, sasa anauliza apige ngapi. Jibu ni kwamba asiongeze hata moja. Kiraka kinene chenye kingo zilizosimama wima kinabanduka haraka kuliko chembamba, na hili ndilo jambo watu hawaambiwi wanapouziwa resini.

Mwongozo huu ni wa boti za faiba za polyesta, zile za kuvulia na za kubebea abiria na watalii, zenye tundu au ufa ubavuni au chini. Ubao wa nyuma unaobeba mashine sijaugusa hapa, ule una mbao ndani na una kazi yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa boti

- Resini ya polyesta. Kama kiraka kitakaa chini ya maji tafuta ile ya aiso, au vinailesta ukiipata. Ile ya otho ya bei rahisi inafaa sehemu za juu ila inavumilia maji kidogo. Muulize muuzaji kama imewekwa nta, wewe unataka isiyo na nta.
- Katalisti, dawa inayoifanya resini igumu, ile chupa iliyoandikwa MEKP, mafundi wengi wanaiita hadena.
- Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba, kavu, iliyofungwa kwenye nailoni.
- Grainda na diski za msasa namba 36 au 40, pamoja na msasa wa mkono namba 60 na 80.
- Asetoni na vitambaa vyeupe vya pamba, vingi kuliko unavyodhani.
- Sabuni ya maji, brashi ngumu, na maji baridi ya kutosha, sio ya bahari.
- Rola ndogo ya chuma yenye mifereji, ya kutoa hewa.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, na sirinji isiyo na sindano.
- Nailoni angavu, gamu tepu, kalamu ya risasi, mkasi.
- Gelikoti (koti ya nje inayokinga faiba), na nta ya kuchanganya kwenye gelikoti kama haijawekwa tayari.
- Miwani inayofunika macho pande zote, glavu, nguo ya mikono mirefu, barakoa ya vumbi, na barakoa yenye filta za mvuke wa kemikali. Hizi barakoa mbili hazibadilishani kazi, ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo.

Kama mizani huna, ahirisha kazi mpaka uipate. Kukadiria katalisti kwa vifuniko vya chupa kumeharibu viraka vingi sana.

## Kinachobanduka ni nini hasa

Soma hapa kidogo, maana hatua zote zinazofuata zinatokana na hili.

Faiba ni vitu viwili vilivyoshikana, nyuzi za kioo na resini. Uzi wa kioo unagoma kuvutika karibu mara 20 kuliko resini. Sa wimbi likipiga bodi (ganda la boti), resini inataka kuvutika, uzi hautaki, kwa iyo mzigo unahama kutoka kwenye resini kwenda kwenye uzi kupitia pale zinapogusana, na uhamaji huo haufanyiki sawasawa urefu wote, unarundikana kwenye miisho ya uzi. Katikati kumetulia, mwishoni ndo kuna vurugu. Kama pale zinapogusana pana maji, vumbi, nta au hewa, uzi unaachana na resini kuanzia mwishoni na mwachano unatembea kwenda ndani.

Kiraka ni mambo hayohayo kwa ukubwa mwingine. Mzigo wa bodi unaingia kwenye kiraka kupitia ukingo wake. Kiraka kikiwa kinene na ukingo umesimama wima, mzigo wote unataka kuingia kwenye mstari mmoja mwembamba na juu ya hapo unakivuta kiraka kwenda juu, kama stika, hakuna anayebandua stika kuanzia katikati. Ukiongeza mati unakifanya kiwe kigumu zaidi na ule mstari unaumia zaidi. Dawa yake ni kuurefusha ukingo uwe mteremko mrefu, mzigo uingie kidogo kidogo, na kuhakikisha kila inchi ya mteremko huo imegusana kweli na resini.

## Hatua ya 1: Soma kiraka kilichobanduka, alafu chora mpaka wa ugonjwa

Usikitupe kiraka cha zamani. Kigeuze utazame tumbo lake, kitakwambia kosa lilikuwa wapi.

Tumbo likiwa laini na linang'aa, resini haikushika bodi kabisa, maana yake msasa haukupigwa vya kutosha au palikuwa na nta, mafuta au rangi. Ukikuta nyuzi nyeupe kavu, mati haikulowa. Ukikuta pananata, katalisti ilikuwa kidogo au haikukorogwa. Na ukikuta kiraka kimeng'oka na nyama ya boti, nyuzi za bodi zimebaki zimeng'ang'ania kwenye kiraka, bas mshiko wako ulikuwa mzuri na bodi yenyewe ndiyo imechoka au imelowa, kwa iyo eneo la kusaga ni kubwa kuliko ulivyofikiri.

Alafu chukua sarafu, gonga bodi kuanzia mbali ukija kwenye tundu. Faiba nzima inalia kwa sauti kali na fupi, iliyoachana ndani inalia butu. Pale sauti inapobadilika weka alama ya kalamu, zunguka kote mpaka upate duara.

Tazama na rangi pia. Ule weupe unaouona kwenye faiba iliyopigwa au kukunjwa ni mianya midogo sana kati ya uzi na resini na nyufa ndogondogo za resini, mwanga unatawanyika humo ndo maana panaonekana peupe. Weupe ni mbanduko unaouona kwa macho. Ufanye uwe mwongozo wako, popote penye weupe pataondoka.

Ingia na ndani ya boti utazame. Ufa ukiwa umefuata mstari wa taruma (mbavu ya ndani ya boti) au ukingo wa kizuizi cha ndani (ukuta unaoigawa boti), tatizo sio pale ufa ulipo peke yake, ni kwamba taruma limekaa kama kisu mgongoni mwa bodi, bodi inacheza pande zote mbili na inakunjika palepale. Ukipiga kiraka nje tu, ufa utarudi. Inabidi pia kwa ndani ujaze ile kona ya taruma na bodi kwa resini iliyokorogwa na unga wa kujazia mpaka iwe mviringo wa ukubwa wa kidole gumba, alafu mati ipite juu yake ikipanuka pande zote kwa hatua, sio iishie sehemu moja.

## Hatua ya 2: Osha kabla ya kusaga

Wengi wanaanza na grainda alafu ndo wanafuta asetoni. Geuza. Msasa ukipita juu ya nta, grisi au mafuta ya mashine unayasukuma ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena kirahisi.

Sugua kwa sabuni na brashi, suuza kwa maji baridi, acha pakauke, kisha futa kwa asetoni na vitambaa viwili, cha kwanza kimelowa kinayeyusha uchafu, cha pili kikavu kinaukusanya kabla asetoni haijaruka hewani. Ukitumia kitambaa kimoja unahamisha uchafu kutoka hapa kwenda pale. Badilisha vitambaa mara kwa mara.

Jaribio ni hili: mwagia maji baridi kidogo. Yakitandaa kama utando mmoja, pasafi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna nta au mafuta, rudia.

Asetoni inashika moto upesi, sigara na cheche za grainda zikae mbali.

## Hatua ya 3: Ondoa kona, malizia ufa

Tundu lenye kona kali usiliache na kona. Kwenye bati linalovutwa, pembeni ya tundu la mviringo msongo (mzigo unaorundikana sehemu moja) unapanda mpaka kama mara 3 ya msongo wa kawaida. Tundu jembamba refu, lenye urefu mara 10 ya upana wake na limekaa kukingama na mvutano, unapanda kwenye ncha zake mpaka mara 21. Hiyo ni hesabu ya kitu kilicho sawa pande zote, na mati yenye nyuzi zilizotawanyika ovyo haiko mbali na hapo. Ufa mwembamba ni mbaya zaidi ya hapo. Ndo maana ufa unaendelea kutembea hata baada ya kuufunika.

Kwa iyo kata tundu liwe duara au yai. Kama ni ufa, toboa tundu la milimita 5 au 6 kila mwisho, mbele kidogo ya pale jicho linapoona umeishia, kwa sababu ncha halisi ya ufa kwa kawaida imeshapita hapo. Alafu fungua ufa wote.

## Hatua ya 4: Saga mteremko

Hapa ndipo kiraka kinapona au kinapokufa, usiharakishe.

Pima unene wa bodi pale kwenye tundu. Mteremko uwe angalau mara 12 ya unene huo. Bodi ya milimita 5 inataka milimita 60 za mteremko kila upande. Tundu likiwa na upana wa milimita 100, eneo utakalosaga linakuwa duara la milimita 220. Ndio, ni kubwa, na ndo mahali watu wanapopunguza wakaja kujuta, wanaona wanaharibu sehemu nzima ya boti bila sababu. Hiyo sehemu nzima ndiyo itakayobeba kiraka.

Chora duara kubwa la nje kwa kalamu. Saga kwa diski namba 36 au 40 ukianzia ukingo wa tundu ambako pataisha pembamba kabisa, ukirudi nje taratibu mpaka kwenye mstari. Grainda ilale karibu sambamba na bodi, ukiisimamisha inachimba mifereji, na kila mfereji ni mahali pengine pa msongo kurundikana na hewa kujificha.

Unapaswa kuona matabaka ya faiba ya zamani yametokeza kama pete, moja nje ya nyingine, zenye upana unaokaribiana. Pete zikiwa zimebanana upande mmoja na kupanuka upande mwingine, mteremko haujakaa sawa, rekebisha. Weupe ukiwa bado upo nje ya mstari, panua mstari.

Gelikoti yote ndani ya duara itoke, na milimita 20 au 30 zaidi nje yake. Usipige mati juu ya gelikoti wala juu ya rangi. Kiraka kitashika gelikoti vizuri tu, alafu gelikoti itaachana na boti.

Vumbi la kioo linawasha na likiingia kwenye mapafu halina faida yoyote, kwa iyo barakoa, miwani, mikono mirefu, na watoto wasikae upande upepo unakoelekea.

## Hatua ya 5: Kausha mpaka ndani

Sasa gelikoti imetoka, faiba inaweza kupumua. Suuza kwanza kwa maji baridi, rudia, kwa sababu chumvi ikibaki ndani itaendelea kuvuta maji kupitia resini na baadae utapata malengelenge chini ya kiraka.

Kisha kausha. Boti iliyotoka majini leo haipigwi kiraka kesho. Iweke chini ya paa, upepo upite, siku kadhaa, na wakati wa masika ni zaidi. Kujua kama imekauka, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya faiba uliyosaga, ziba kingo zote kwa gamu tepu, acha mpaka kesho yake. Ukikuta ukungu au matone ndani ya nailoni, bado.

Kwa nini maji ni adui hivyo? Nyuzi za kioo zinapotoka kiwandani zinapakwa dawa nyembamba sana, ya jamii ya sileni, ambayo upande mmoja inashika kioo na upande mwingine inashika resini. Maji yakikaa muda mrefu yanaudhoofisha mshiko huo, na unyevu juu ya bodi pia unaizuia resini mpya kuiva vizuri. Ndo maana hata mati yenyewe haikai chini sakafuni wala haishikwi kwa mikono yenye jasho.

## Hatua ya 6: Weka kizuizi cha nyuma

Tundu likiwa limetoboka kabisa, mati inahitaji kitu cha kuilalia. Tumia plaiwudi nyembamba au plastiki inayokunjika kufuata umbo la bodi, ifunike na nailoni ili isinate, ishikilie kwa ndani kwa gamu tepu au kipande cha mbao kilichokazwa. Ukipitisha mkono kutoka nje usisikie ngazi pale bodi inapokutana na kizuizi.

## Hatua ya 7: Kata mati, pima resini

Kata mati zote kabla hujafungua chupa ya katalisti. Ziwe duara au yai, sio mraba, kwa sababu kona ya mraba ndiyo inayoinuka kwanza. Mati ya gramu 450 ikilowa vizuri inatoa karibu milimita 1, kwa iyo bodi ya milimita 5 inataka mati 5. Kwa mfano wetu zitakuwa na upana wa milimita 220, 196, 172, 148 na 124.

Mimi naanza na kubwa kwenda ndogo. Kuna mafundi wanaoanza na ndogo na wana sababu zao, ila kwa boti ya polyesta kubwa ikitangulia inagusa mteremko wote kwa kipande kimoja kisichokatika, na ukija kulainisha juu baadae msasa unakula zile ndogo za katikati, hauli miisho ya tabaka linaloshika boti.

Tabaka la kwanza liwe mati siku zote, hata kama baadae utatumia faiba ya kusukwa. Ile ya kusukwa inagusa kwa vilele vya nyuzi tu na mabonde yanabaki na resini tupu au hewa.

Resini kwa mati ni karibu mara 2.5 ya uzito wa kioo. Mati zetu tano zina kama gramu 55 za kioo, resini inatoka karibu gramu 140, ukijumlisha ya kupaka bodi na itakayobaki kwenye brashi andaa gramu 200. Usichanganye zote mara moja, changanya gramu 100 kwanza.

Katalisti ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini, fuata karatasi ya resini yako. Gramu 100 za resini kwa asilimia 1.5 ni gramu 1.5 za katalisti, kama mililita 1.3 kwenye sirinji. Joto la kwetu likipita digrii 30 shuka kuelekea asilimia 1, ila usiende chini ya 1 ukitafuta muda zaidi. Resini itagumu kwa nje na ndani haitaiva, na kiraka kitakuwa laini kwenye ule mstari unaobeba mzigo. Ukitaka muda, fanya kazi kivulini na changanya kidogo kidogo.

Sasa tahadhari tatu, zisome mara mbili. Katalisti ikiingia jichoni inaweza kukupofua moja kwa moja, vaa miwani kabla ya kufungua chupa, na ikiingia osha papo hapo kwa maji mengi angalau dakika 15, kisha nenda hospitali. Kama resini yako inauzwa na kobalti (dawa ya kuharakisha kugumu) kwenye chupa ya peke yake, yale maji ya zambarau, usiyakutanishe kamwe moja kwa moja na katalisti, vinalipuka. Kobalti inakorogwa kwenye resini kwanza mpaka ipotee, ndo katalisti inafuata. Na vitambaa vyenye katalisti usivirundike kwenye kona, vinaweza kujiwasha, viloweke kwenye ndoo ya maji.

Na jambo moja ambalo nalipinga kabisa hata kama fundi amelifanya miaka yote: usizimue resini kwa asetoni ili ilowanishe haraka. Asetoni inanaswa ndani, inaacha vitundu na resini dhaifu kandokando ya nyuzi.

## Hatua ya 8: Piga mati, toa hewa

Chagua muda. Umande uwe umekauka, jua lisiwe linapiga bodi moja kwa moja. Asubuhi baada ya umande, kivulini, ndo wakati mzuri.

Muda mfupi kabla ya kuanza pitisha msasa wa mkono namba 60 mteremko wote, hata kama uliusaga vizuri, kwa sababu umeshakaa siku kadhaa na umepokea vumbi na chumvi ya upepo. Futa vumbi kwa brashi kavu na kitambaa chenye asetoni kidogo, acha iruke yote. Kuanzia hapo hapaguswi kwa mkono mtupu.

Paka resini nyembamba kwenye mteremko wote kwanza. Hii inaingia kwenye mikwaruzo na inapata kugusana na nyuzi za zamani ulizozifungua. Kisha laza mati kubwa, gonga gonga kwa ncha ya brashi, usiisugue kama unapaka rangi kwa maana unazisukuma nyuzi. Subiri kidogo. Mati ina gundi nyepesi inayoshikilia nyuzi zake, na stairini iliyomo kwenye resini ndiyo inayoiyeyusha, ikishayeyuka mati inalegea na kukaa kwenye umbo. Usiposubiri, itakuwa inakurukia kwenye kona na utaongeza resini bila sababu. Kwa hiyohiyo sababu mati ya kawaida haiendi na epoksi (resini ya aina nyingine), kwenye epoksi hakuna stairini. Ukitaka kutumia epoksi, na kweli inashika bodi ya zamani vizuri zaidi, nunua faiba ya kusukwa au ya kushonwa, na ujue gelikoti ya polyesta haitashika juu yake vizuri, utamalizia na rangi.

Pitisha rola ya chuma kutoka katikati kwenda nje, taratibu, ukiisikia inatoa sauti ya kupasua mapovu. Haraka haraka inarusha resini na kuingiza hewa mpya. Povu lililobaki kwenye mwisho wa mati ni tundu pale palepale mzigo unapoingilia, kwa iyo kingo za kila mati zikague zaidi ya katikati.

Mati iliyolowa inaonekana angavu, unaiona bodi chini yake. Nyeupe au kijivu ni kavu au ina hewa. Ila resini ikisimama juu kama dimbwi umezidisha, ikokote itoke, resini tupu haina nguvu ya kubeba na inapasuka.

Mati ya pili na ya tatu zifuate papo hapo. Alafu simama. Ukirundika zote tano kwa mpigo kwenye joto letu resini inachemka, inasinyaa kwa nguvu, na kiraka kinaiva tayari kikiwa kinajivuta kutoka kwenye kingo. Tatu, ziache zigande na zipoe, zikiwa bado zinanata kwa mbali piga mbili zilizobaki. Huo unato ndio unaotakiwa, resini mpya inaungana nao kikemia. Ukilala mpaka kesho yake, piga msasa kwanza. Na resini yenye nta hairuhusu mchezo huu kabisa, nta inapanda juu kila inapogumu, kwa iyo kila tabaka lililogumu lazima lipigwe msasa.

## Hatua ya 9: Acha iive

Kugumu na kuiva ni vitu viwili. Kinakuwa kigumu ndani ya masaa, ila nguvu inaendelea kupanda kwa siku nyingi. Funika na turubai lisiloligusa eneo, mvua na umande visiingie, na usiishushe boti majini chini ya wiki moja kama una uwezo wa kusubiri.

Kupima: ondoa ule unato wa juu kwa msasa, kisha futa faiba iliyo chini yake kwa kitambaa chenye asetoni. Ikibaki ngumu na kavu, imeiva. Ikilainika au kunata, haijaiva, ipe joto na muda zaidi. Kama baada ya siku kadhaa bado inalainika, katalisti haikuwa sawa, na hapo ni kusaga na kuanza upya, hakuna kitu cha kupaka juu kitakachoiokoa.

Gonga kwa sarafu tena, kuanzia kwenye boti nzima kuingia kwenye kiraka. Sauti isibadilike ukivuka mpaka. Ikiwa butu mahali, fungua hapohapo tu kwa msasa, toa hewa, jaza upya kwa mteremko wake mdogo.

## Hatua ya 10: Gelikoti na kurudi majini

Lainisha kwa msasa namba 80, ukiacha kiraka kikae chini kidogo ya uso wa boti, nusu milimita hivi, ndiyo nafasi ya gelikoti. Usikisage mpaka nyuzi zionekane zimekatika juu, na zikionekana zifunike, uzi uliokatika na kuachwa wazi unanyonya maji kwa urefu wake.

Paka gelikoti ikipita mpaka wa kiraka kwenda kwenye ile sehemu uliyoondoa gelikoti ya zamani. Koti ya mwisho ndiyo inawekwa nta, ili ikauke bila kunata. Chini ya maji ongeza na rangi ya kuzuia viumbe kama boti inalala majini.

Boti ikirudi kazini, ikague kila unapoipandisha ufukweni. Pitisha ukucha kwenye mpaka wa kiraka na gonga kwa sarafu mzunguko mzima, hasa upande unaotazama omo (mbele ya boti), ndo unaopigwa na maji. Ukiona ufa mwembamba wa gelikoti unaofuata duara la kiraka na sauti bado ni kali, ni gelikoti tu, ifungue na uipake tena. Sauti ikiwa butu au ukibonyeza panatoka maji ya kahawia au yenye harufu ya siki, mbanduko umeshaanza chini, saga sehemu hiyo kabla ya safari nyingine, uanze tena kutoka hatua ya 2.